Umbali wa Mama na Mtu wa Pango

Nilikuwa nimekwisha kumweka mama kwenye mstari wa kwanza, na sasa nilikuwa nawateremsha wa kale chini yake, mmoja mmoja, kama mtu anayeteremsha vyungu kutoka darini. Mtu wa Pango. Mwanamke wa Ufukweni. Mtoto wa Kichuguu. Wale Wawili Waliozikwa Pamoja. Kila mmoja wao ni mfupa katika sanduku lake, na ndani ya mfupa mna vinasaba, na vinasaba vikisomwa huwa safu ndefu ya herufi nne zinazorudiarudia. Safu hiyo mimi huilaza sambamba na safu ya aliyekufa leo, nikaangalia zinaachana wapi. Kazi yenyewe haina fumbo. Ni kama kulaza kanga mbili sakafuni, pindo kwa pindo, na kuona kwamba ua hili lipo huku, kule halipo. Zikiachana sana, umbali ni mkubwa. Zikiachana kidogo, umbali ni mdogo. Mashine ndiyo inayohesabu. Mimi huhakikisha tu kwamba kanga hazijakunjamana.

Mama alikuwa amelala chumba cha baridi, nyuma ya ukuta wa meza yangu. Nilikuwa nimepitisha kipamba ndani ya shavu lake kama ninavyopitisha kwa kila maiti inayoletwa, nikaandika jina lake, Nyamizi, kwa mwandiko ninaowaandikia wote. Nilingoja nione kama nitasikia kitu. Sikusikia. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake kwa muda mrefu: anauona mguu, anajua upo, lakini ukiguswa haumwambii kitu.

Katika mji huu mtu hapimwi akiwa hai, kwa sababu aliye hai anaweza kubisha. Hupimwa akifa. Umbali wake na Mtu wa Pango, ambaye ni mkongwe kuliko wote tulionao, ndio unaosema atazikwa wapi. Aliye karibu huzikwa Mlimani, penye kivuli na mawe yaliyochongwa majina. Aliye mbali huzikwa Nje ya Uzio, ambako upepo hufukua kila kinachofukiwa. Na walio hai huwafuata wafu wao: unajenga alikolala mzazi wako, hujengi kwingine. Hivyo mji mzima umejipanga kumzunguka mtu mmoja ambaye hatujui hata alipenda kula nini. Nilipouliza, zamani, ni nani aliyeiweka sheria hii, niliambiwa ilikuwapo. Nilipouliza kabla haijakuwapo ilikuwaje, niliambiwa hakukuwa na kabla.

Ni sisi tu wa ndani ya Nyumba ya Mifupa tunaopimwa tukiwa hai. Ni tahadhari. Chembe ya mwili wako ikidondokea mfupa, mashine iijue na kuiondoa, isije ikamsoma mfagiaji badala ya marehemu. Mimi niliingia hapa kufagia. Nilijifunza mashine kwa kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake, kisha kwa kuikosea. Siku niliyopimwa, wakubwa walitoka ofisini kuja kunitazama: nilikuwa na nusu nzima ya Mtu wa Pango. Nusu, kana kwamba alinizaa. Walisema damu ya Mlimani haichakai, wakanipa kiti. Niliona kuna jambo haliko sawa, lakini sina haraka ya kuamua mambo. Nililiweka kando nikaendelea na kazi. Kando ni mahali pakubwa. Vitu vingi vinakaa pale bila kugombana.

Mashine ilinyamaza. Nikasoma. Nikazikunjua kanga upya, nikazilaza tena, nikasoma tena.

Mama na Mtu wa Pango hawakuachana mahali popote.

"Umemaliza?"

Dada yangu Kabula alikuwa amesimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Alikuwa amejifunga kanga ya msiba kiunoni, na macho yake yalikuwa yamevimba vizuri, kama inavyopasa.

"Bado, dada."

"Watu wako kwenye mikeka, kila anayeingia ananiuliza makaburi yapi. Nimesema bado mpaka neno lenyewe limekuwa halina maana. Na barafu ni ya leo tu. Kesho jua likipanda, mama hawezi kukaa tena."

"Jibu limetoka, ila silielewi."

"Hulielewi, au hulipendi?"

"Mama na Mtu wa Pango hawaachani popote. Hata kidogo."

Kabula alikaa chini palepale kizingitini. Alijifunika uso kwa kiganja, akashusha pumzi ndefu.

"Basi ni Mlimani," alisema. "Karibu na baba. Unanitisha bure na bado zako."

"Sivyo."

"Sivyo vipi? Mlima umejaa watu walioachana naye hivi." Alitanua mikono. "Na wamechongewa mawe. Leo mama hana hata unywele wa kuachana naye, unaniambia sivyo. Unataka awe karibu kuliko karibu?"

"Wewe na mama mna nusu tu mnayolingana. Mimi vilevile. Nusu nyingine ni ya baba. Hakuna mtoto, hakuna mjukuu, hakuna mtu wa ukoo anayelingana na mwenzake pote. Ila pacha waliofanana. Na mtu na nafsi yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu wa Pango ni mama. Au mama ni yeye."

"Mama kazaliwa Topeni, kule bondeni. Bibi alituonyesha mpaka jiko alipozaliwa."

"Najua."

"Na kafa kwa kifua."

"Najua."

"Basi mimi unaniuliza nini?" Alinyanyuka, akakung'uta kanga. "Sikiliza, mdogo wangu. Nyumba yangu iko Mlimani kwa sababu ya baba. Ukimpeleka mama Nje, nitaambiwa nichague mzazi. Na wewe utaambiwa ukirudishe hicho kiti. Andika neno moja tuzike. Mambo ya pango utayafikiria kwa wasaa wako, wewe ambaye una wasaa hata siku mama yako amelala."

Alisema hivyo bila ukali. Akaenda zake. Kwenye karatasi ya mama palikuwa na nafasi moja tupu, ya jina la uwanja wa kuzikia.

*

Nilikaa na hao wawili mbele yangu, na kwa muda sikuona kwa nini isiwe kweli.

Wakati, mezani pangu, hautembei. Unalazwa. Aliyekufa kabla ya jembe kufuliwa na aliyekufa kwa kifua juzi hulala upande kwa upande, na hakuna anayemwambia mwenzake sogea. Nimefanya kazi hii mpaka maneno "kale" na "leo" yamekuwa kwangu kama majina ya masanduku mawili yanayolingana. Kwa hiyo sikushtuka kufikiri kwamba mama aliwahi kuishi pangoni. Kwamba alikufa huko, akapumzika kwa muda mrefu, halafu akachoka kupumzika akaja Topeni kuzaliwa tena jikoni kwa bibi. Kwamba kila siku alipobeba beseni lake kwenda mtoni alikuwa anajua anapokwenda. Mtu akiwa yuleyule kila mahali, swali la anatoka wapi halina pa kusimama.

Nikamsikia. Au nikajisikia. Hapa sauti hazina lebo.

Nimelala ubavu, magoti kifuani.

Walinifunika kwa udongo mwekundu. Nani walinifunika? Sikumbuki mikono. Nakumbuka uzito.

Kisha kimya ambacho hakikuwa kirefu wala kifupi.

Kisha maji. Kisha kitu chenye joto, chepesi, kikanigusa mara moja kikaondoka.

Tangu hapo wananiita kwa majina ya watoto wao. Wananiuliza huyu ni wako? Na yule? Nami najibu. Sijui ninajibu kwa kinywa cha nani.

Niliizima mashine. Kitu chenye joto, chepesi. Sikujua nimekitoa wapi. Nikatia kipande cha taya cha Mtu wa Pango ndani ya sanduku lake, nikafunga mlango, nikaenda msibani, kwa sababu mwana asipoonekana msibani watu humtafuta.

*

Nilikikuta kicheko kabla sijaiona nyumba. Watani walikuwa wamefika.

Mtani wetu mkuu ni Lugendo, mtu wa Majabalini. Watu wa Majabalini na sisi wa Topeni tumetaniana tangu siku ambazo hazina masanduku; wao hutuzika, sisi huwazika, na katikati tunatukanana. Lugendo alikuwa amevaa gauni la mama. Alijitanda kanga ya mama, akaweka beseni la mama kichwani, na alikuwa anakatiza uani kwa mwendo wa mama, ule wa kuvuta mguu wa kushoto kama unaodai kubembelezwa. Ni desturi: siku ya msiba mtani humvaa marehemu, ili aliyekwenda apite mara moja zaidi mbele ya watu wake.

"Mnanilia nini?" alisema kwa sauti ya mama, ile ya puani. "Nimekufa mimi, kazi ya kulia ni yenu? Yule mwanangu wa mifupa yuko wapi? Ananipima. Nilimpima mimi kwanza, tumboni, miezi yote, sikuhitaji mashine!"

Wanawake walicheka huku wakifuta machozi kwa pindo. Kabula alicheka akashika mbavu. Lugendo aliteremsha beseni, akachuchumaa kama kwenye ukingo wa mto, akaokota kijiti cha kuni, akakisugua, akakigeuza. Kisha akatoa ulimi, akakilamba.

"Jiwe," alisema, akakitupa.

Akaokota kingine. Akasugua, akageuza, akalamba. Mara hii ulimi ulinasa. Alijifanya kuuvuta, macho yamemtoka, kijiti kikining'inia. Watu walikuwa hoi. Mwishowe akakibandua, akakiinamia kwa adabu.

"Huyu ni mtu. Ameshika ulimi. Shikamoo."

Nadhani mimi peke yangu sikucheka. Niliuona ulimi ule tangu utoto wangu mpaka nikaacha kuuona, kama mtu anavyoacha kuuona mlango wa nyumba yao. Mama na waoshaji wote wa mifupa kule mtoni walifanya hivyo. Mifupa ikitoka ardhini imechanganyika na changarawe, na jicho haliwezi kutenga. Ulimi unaweza. Jiwe linateleza. Mfupa una vitundu, hunyonya mate, hukushika kidogo, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole. Waoshaji walitenga, wakaanika juani, wakaleta kwa beseni hadi mlangoni petu. Hapo wakapokelewa na watu wenye glavu. Kazi yao iliishia mlangoni, na tahadhari yetu ilianzia mlangoni. Hakuna aliyewahi kumpima mwoshaji.

Vinasaba vya kale ni kama harufu ya moshi iliyobaki katika nguo iliyofuliwa. Mate ya aliye hai ni moto wenyewe. Ukiviweka pamoja, mashine husikia moto.

*

Nilimkuta Lugendo nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni, anavua gauni kupitia kichwani.

"Umenuna, mtu wa tope?" alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Nimezidisha? Ule mguu sikuupatia, najua. Mama yako alikuwa anauvuta kwa madaha, mimi naburuta tu kama gogo."

"Mtu wa Pango alioshwa na nani?"

"Si Nyamizi? Mtoni kote wanajua. Alipokitoa kile kipande cha taya kwenye maji wote walisema ni jiwe. Yeye akalamba, akasema shikamoo. Wakamcheka mpaka jioni." Alikunja gauni vizuri, akaliweka juu ya kuni. "Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, kama ninavyomweleza mtu jinsi ya kuifuta mashine: kwamba hatujawahi kumsoma Mtu wa Pango. Kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunamsoma mama. Kwamba kila aliyepelekwa Mlimani alipelekwa kwa kuwa ni jamaa wa mama, wa karibu au wa mbali, watu wa bondeni, watu wa tope. Na kila aliyepelekwa Nje alipelekwa kwa kuwa hakuwa jamaa yake.

Lugendo alikaa juu ya gogo. Aliokota ganda la mti akalivunjavunja.

"Kwa hiyo mlipompima baba yangu," alisema, "mlikuwa mnauliza kama anafanana na Nyamizi."

"Ndiyo."

"Baba yangu. Mwenye ile pua."

"Ndiyo."

"Mngeniuliza mimi tu. Ningewajibu bila mashine."

Hakucheka, wala hakuinua macho. Baba yake alizikwa Nje ya Uzio mwaka wa upepo mbaya. Lugendo alihama akajenga huko, na tangu hapo huja mjini kwa misiba tu, kutuchekesha na kutuchimbia. Nilitafuta neno la kumwambia. Niliangalia ndani yangu kama mtu anayefungua masanduku, na kila sanduku lilikuwa na lebo na halikuwa na kitu.

"Nikisema mimi," alianza tena, "watacheka. Mtani hata akisema jua limeoza, watu hucheka, wanaomba wali. Ndiyo ruhusa yetu na ndiyo kamba yetu. Ukisema wewe, hawatacheka."

"Wakiacha kucheka watafanya nini?"

"Sijui. Sijawahi kuwaona wameacha."

Ndani walianza kuimba. Sauti ya Kabula ilikuwa juu ya zote.

"Na huyo wa Pango mwenyewe?" aliuliza. "Basi hayupo?"

"Yupo. Ana jino lililobaki kwenye taya. Halijawahi kufunguliwa. Ndani ya jino hakuna ulimi uliofika."

"Na likifunguliwa litasema nini?"

"Labda baba yako alikuwa karibu. Labda mama alikuwa mbali. Labda hakuna mtu yeyote mjini aliye karibu."

"Na uzio?"

"Utabaki kuwa miti iliyosimamishwa."

"Na likisema sisi wote ni wamoja, mimi nitamtukana nani? Utani unataka mtu wa ng'ambo."

"Utanitukana mimi."

"Wewe hutukaniki," alisema Lugendo. "Wewe ulishakufa, ulisahau tu kulala."

Kisha akasimama, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akalipima uzito mkononi.

"Kesho nitalala kaburini mwake kabla hamjamshusha. Unajua desturi. Wengine hutoka wakipewa jogoo. Mimi jogoo sitaki. Nitatoka ukisema mbele ya watu ulivyoniambia hapa, kwa sauti hiyohiyo yako ya uji uliopoa. Wakinifukia, wanifukie." Aliweka jembe begani. "Sasa niambie. Nichimbe wapi?"

Nilifikiri. Nikafikiri tena. Sikutaka kumpa neno ambalo kesho ningelazimika kulirudisha.

"Anza pale alipo baba yako," nilisema. "Kesho nitajua kama tunampeleka mama kwake, au tunamtoa yeye kumpeleka kwa mama. Kwa vyovyote, pale panachimbwa."

 Lugendo aliinua gauni la mama kutoka juu ya kuni, akanipa nilishike.

"Lisiguse mavumbi," alisema, akaenda kuelekea uzioni.

*

Jua lilikuwa bado linaingia kwa dirisha la magharibi nilipolitoa jino katika taya. Niliosha mikono. Nilivaa glavu, nikafunga kitambaa mdomoni. Gauni la mama nilikuwa nimelining'iniza kwenye msumari wa mlango, na kila nilipoinua macho lilikuwa linanisubiri kama mtu anayekuja kuuliza jambo dogo.

Nilianza kusugua ganda la nje kwa tupa nyembamba. Jino la kale ni gumu. Huwezi kuliharakisha, likipata joto, kilichomo hufa mara ya pili. Unasugua kidogo, unaliacha lipoe, unasugua tena. Nilikuwa nikisimama kulipoza nikasikia, kutoka upande wa Nje, mshindo wa jembe: mmoja, kimya, mwingine. Alikuwa anachimba taratibu kama mimi. Anayechimba pembeni mwa baba yake hupitisha jembe kwa adabu.

Nilifikiria watu wa Mlimani, usingizi wao chini ya mawe. Walilala wakijua ni wa kwanza. Hawakuwa waongo. Walikuwa jamaa za mwanamke aliyeinamia maji, akaonja kitu, akakisalimu. Nilijaribu kumhukumu mtu, hata mmoja tu, na sikumpata. Nikajaribu kulia, kwa utaratibu, nikianzia na mambo madogo: beseni, mguu wa kushoto. Hakikuja kitu. Tupa ikaendelea.

Mwanga ulipopungua ganda lilikuwa jembamba, ila halijafunguka. Kilipasuka kipande kidogo, kikaanguka juu ya meza kati ya changarawe zilizotoka kwenye taya. Niliinama kukitafuta. Sikuweza kutenga kipi ni jino na kipi ni jiwe. Nikaokota kimoja, nikakigeuza kwenye mwanga, nikakigeuza tena.

Nilikuwa nimekwisha kushusha kitambaa mdomoni. Kipande kilikuwa kimefika kwenye midomo yangu, na ulimi wangu ulikuwa umetoka, mkavu, unangoja kushikwa.

Nilikaa hivyo.

Kisha nikakirudisha mezani, mbali na pumzi yangu. Nikapandisha kitambaa. Nikafunika jino, vipande na changarawe kwa bakuli safi, nikaweka jiwe juu ya bakuli ili paka asilisogeze. Karatasi ya mama niliiacha wazi na nafasi yake tupu. Nje, jembe nalo lilikuwa limenyamaza.

"Lugendo," niliita kupitia dirishani. "Kaburi limefika wapi?"

"Magotini," alijibu kutoka katika giza la miti. "Udongo wa huku ni mgumu. Kesho."

"Kesho," nilisema.